Kabla Mimba Haijatungwa: Somo la Lishe kutoka Korogwe na Handeni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu nusu ya watoto wa Tanzania waliokuwa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto ulikuta waliodumaa ni asilimia 30. Hayo ni mafanikio, na kuna watu waliyatolea jasho. Lakini asilimia 30 maana yake ni kwamba katika kila watoto kumi wanaopimwa kliniki, watatu ni wafupi kuliko umri wao unavyodai, na ufupi huo mara nyingi huenda pamoja na akili isiyopata nafasi ya kukua ipasavyo, masomo mazito na kipato kidogo ukubwani.

Ukitazama ramani, jambo linazidi kuwa gumu. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu mwaka huo ilikuwa Iringa, asilimia 57, ikifuatwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja takriban asilimia 50. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya mahindi ya taifa. Basi anayesema mtoto anadumaa kwa sababu nyumbani hakuna chakula, hajalieleza tatizo. Na anayesema dawa yake ni kidonge au unga wa virutubishi, naye ana kazi ya kueleza kwa nini kidonge kile kile kimeokoa mahali pamoja na kudhuru mahali pengine.

Kuna kipande cha nchi ambacho kimechangia majibu ya swali hili kuliko wengi wetu tunavyojua. Ni wilaya za Korogwe na Handeni mkoani Tanga, pamoja na jirani yao Muheza. Kwa miaka zaidi ya ishirini, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, wakishirikiana na vyuo vya nje, wamepima damu, wamepima urefu, wamehesabu homa na wamefuatilia mimba katika vijiji vya huko. Ukizisoma tafiti hizo mojamoja, kila moja inazungumzia jambo lake: hii malaria, ile zinki, nyingine chanjo au upungufu wa damu. Ukizisoma kwa pamoja, zinasema neno moja: lishe ya mtoto haiokolewi na kirutubishi kimoja, na kliniki inayomsubiri mama hadi tumbo lionekane imeshachelewa.

Mlima na nyika

Dindira iko juu, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe. Ni nchi ya Wasambaa, ya ukungu, migomba na mashamba ya chai. Ukishuka unakuta bonde la mto Pangani, mashamba ya mkonge, reli na barabara kuu. Ukivuka kwenda Handeni unaingia nyika ya Wazigua, nchi ya mahindi na mifugo, ambako mvua ikikosa msimu mmoja watu hulia njaa. Kwa gari ni safari ya saa chache. Kwa afya ya mtoto ni dunia mbili.

Mtoto wa nyikani na bondeni, kwa vizazi vingi, alikua na malaria. Homa ilimjia mara kadhaa kwa mwaka, na kila ilipokuja ilimpunguzia damu na hamu ya kula. Mtoto wa mlimani aliumwa na mbu wachache, kwa sababu baridi huchelewesha kukua kwa mbu na kwa vimelea vilivyomo ndani yake. Kwa hesabu ya haraka, wa mlimani angepaswa kuwa na afya tele: malaria ni kidogo, mvua ipo, mboga haikauki. Lakini tumekwisha kuona kwamba nyanda za juu za nchi hii, za kijani na zenye malaria kidogo, ndizo zenye watoto wengi waliodumaa. Kwa hiyo kila upande wa Korogwe unasahihisha hoja ya upande mwingine. Mbu peke yake haelezi tatizo, na shamba peke yake halielezi tatizo.

Tukisogea karibu zaidi, tutazame kinachoingia kinywani mwa mtoto wa mwaka mmoja katika nyumba nyingi za milimani. Asubuhi ni chai ya rangi yenye sukari, na kiporo cha mhogo au ndizi. Mchana ni ugali kwa maharage au makande. Jioni ugali tena, kwa mboga ya majani. Tumbo linajaa. Lakini madini ya chuma yaliyomo kwenye mahindi, maharage na majani ni ya aina ambayo mwili hunyonya kwa shida. Kiini na ganda la nafaka vina fitati, kemikali inayoyakamata madini hayo yasipite. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza unyonywaji wake kwa zaidi ya nusu. Kipande cha nyama, kiganja cha dagaa, au hata chungwa na limau mezani hubadilisha hesabu, kwa sababu vitamini C hufungua kile ambacho chai na fitati vimefunga. Mtoto huyu halali njaa. Anashiba kila siku na damu yake inapungua kila siku.

Uji nao una kisa chake. Mama akiupika mzito, mtoto hawezi kuumeza. Akiupika mwepesi, kikombe kizima kinakuwa maji yenye unga kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo, halina nafasi ya vikombe sita. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilifanyia kazi jambo hili na kuonyesha kwamba kijiko kidogo cha kimea, yaani unga wa nafaka iliyoloweshwa ikachipua na kukaushwa, hulainisha uji mzito mara moja bila kuongeza maji. Kimea ni kitu ambacho wapika pombe za kienyeji wamekijua tangu zamani. Kinapunguza fitati pia. Ni maarifa ya bei rahisi, yamethibitishwa hapa nchini, na bado katika vijiji vingi hakuna anayeyafundisha.

Urithi wa Iringa

Kabla ya kurudi Tanga, ni haki kukumbuka kwamba Tanzania ilishalifikiria swali hili kwa upana wake wote, tena mapema. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, mwaka ule ule kampeni ya Mtu ni Afya iliposikika redioni na watu kukusanyika katika vikundi kuisikiliza. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Kisha, kuanzia 1984, vijiji 168 vya Iringa vikaanza programu ya lishe chini ya serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia.

Kazi ya Iringa ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Watoto wote wa kijiji walipimwa uzito mbele ya wazazi na viongozi wao. Matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji: mtoto wa nani amepungua, na kwa nini? Kisha kukafanyika jambo, na baada ya miezi mitatu watoto wakapimwa tena kuona kama limesaidia. Ndani ya miaka minne, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale wenye upungufu mkali kutoka zaidi ya 6 hadi chini ya 2.

Kutoka katika kazi hiyo UNICEF ilijenga kielelezo chake cha mwaka 1990 ambacho dunia nzima inakitumia hadi leo, kinachosema kwamba lishe ya mtoto inasimama juu ya mambo matatu kwa pamoja: chakula, matunzo na afya. Matunzo ndiyo yanayosahaulika haraka. Mchuma chai anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi mchana, au mama wa Handeni anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji wakati wa kiangazi, hakosi upendo wala hakosi unga. Anakosa saa. Mtoto anayebaki na dada yake wa miaka minane hula mara mbili badala ya mara tano, na hula kilichobaki. Iringa walilijua hilo, ndiyo maana walianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto vijijini. Kwenye mashamba makubwa ya chai na mkonge ya Tanga, kituo cha namna hiyo kinapaswa kuhesabiwa kuwa huduma ya afya, sawasawa na zahanati.

Kidonge kile kile, nchi mbalimbali

Sasa tuje kwenye madini ya chuma, kwa sababu hapo ndipo utafiti wa Afrika Mashariki ulipoigeuza sera ya dunia.

Kwa miaka mingi jambo lilionekana wazi. Watoto wana upungufu wa damu. Upungufu mwingi husababishwa na kukosa madini ya chuma. Basi wapewe madini ya chuma. Wachache walishaonya. Mwaka 1978 ilichapishwa kazi iliyofanywa kati ya wafugaji wa Kisomali, ikionyesha kwamba waliopewa madini ya chuma walipata maambukizi mengi zaidi, ikiwemo malaria. Onyo hilo halikusikilizwa sana.

Jibu zito lilitoka Pemba. Huko watoto 24,076 wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio la kupewa madini ya chuma na asidi ya foliki, zinki, au kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003, bodi ya usalama ikaagiza utoaji wa madini ya chuma usitishwe. Watoto waliokuwa wakiyapata walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Jaribio kama hilo lilikuwa likifanyika Nepal, mahali pasipo na malaria kama ya Pemba, na huko madhara hayo hayakuonekana. Matokeo yote mawili yalichapishwa Januari 2006, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kubadili ushauri wake: penye malaria nyingi, madini ya chuma yasigawiwe kwa watoto wadogo kiholela.

Lakini ndani ya Pemba hiyo hiyo kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambalo watoto wake walipimwa na kutibiwa malaria mapema. Humo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa madini ya chuma walinufaika. Kumbe tofauti ilikuwa kama mtoto anapata tiba ya malaria au hapati.

Handeni ikaongeza ushahidi. Mwaka 2008 na 2009, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi waliwafuatilia watoto 612 wa vijijini, wenye umri wa miezi 6 hadi 60, waliochaguliwa kwa sababu urefu wao ulikuwa nyuma ya umri. Theluthi mbili yao walikuwa na upungufu wa zinki. Kila siku, mbele ya msimamizi, mtoto alipewa zinki, au mchanganyiko wa virutubishi wenye madini ya chuma, au vyote viwili, au kidonge kisicho na kitu. Matumaini yalikuwa kwamba kinga ya mwili ingepata nguvu na malaria ingepungua. Haikupungua. Katika muda wa takriban mwaka mmoja, watoto hao 612 waliugua malaria mara 1,572. Na wale walioanza wakiwa na upungufu wa madini ya chuma, walipopewa mchanganyiko wa virutubishi, hatari yao ya kuugua malaria ilipanda kwa asilimia 41. Zinki, kwa upande wake, ilipunguza kuharisha, faida ambayo haipaswi kudharauliwa.

Kisha Muheza. Katika utafiti uliowafuata watoto 785 tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, na kuchapishwa mwaka 2012, watoto wenye upungufu wa madini ya chuma walipata malaria kali mara chache zaidi, na vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 60.

Maelezo ya kisayansi yanaeleweka. Kimelea cha malaria kinahitaji madini ya chuma ili kizaliane, na kinapenda chembe nyekundu changa, zile zinazotengenezwa kwa wingi mtoto anapoanza kupewa madini ya chuma. Mwili nao, ukivamiwa, hutoa kutoka kwenye ini homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo ili madini hayo yasipite. Kwa hiyo mtoto mwenye homa za mara kwa mara hata akila vizuri hanyonyi vizuri. Na akilazimishwa kwa kidonge, anaweza kumlisha adui.

Wapo waliosoma matokeo haya na kuhitimisha kwamba upungufu wa damu ni kinga, basi uachwe. Hitimisho hilo ni la hatari. Mtoto asiye na madini ya chuma huchelewa kusema, kucheza na kujifunza, na baadhi ya hasara hizo hazirudishwi. Somo sahihi ni la mpangilio: malaria idhibitiwe, ndipo damu ijazwe. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema hivyo: penye malaria, madini ya chuma yatolewe sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria.

Mbu waliporudi nyuma

Je, malaria inaweza kudhibitiwa vijijini? Korogwe ilijibu. Katika kijiji cha bondeni cha Mkokola, ambako watafiti wa NIMR walikuwa wakipima watu kila mwaka, wenye vimelea mwilini walikuwa kama asilimia 78 mwaka 2003. Mwaka 2008 walikuwa kama asilimia 13. Kijiji cha juu cha Kwamasimba, kilichoanza na vimelea vichache, kilishuka vilevile. Katika miaka hiyo vyandarua vyenye dawa vilisambaa, hati punguzo ya wajawazito ikaanza, dawa mseto ikachukua nafasi ya dawa zilizoshindwa, na wahudumu waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe wakawa wanatoa tiba ya homa hapo hapo kijijini.

Korogwe pia ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, kwanza pamoja na Kilifi, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kisha katika jaribio kubwa la nchi saba lenye watoto 15,459. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Wazazi wa Korogwe waliokubali watoto wao wachanjwe wana sehemu yao katika historia hiyo.

Sasa tazama takwimu mbili za taifa zikiwekwa bega kwa bega. Watoto waliokutwa na malaria katika upimaji wa kitaifa walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 59 mwaka 2010. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 59. Malaria imepungua kwa zaidi ya nusu na damu haijasogea. Hoja ya mpangilio ilikuwa na sehemu mbili, nasi tumetekeleza ya kwanza tu. Sababu ya kuogopa madini ya chuma imepungua sana katika sehemu nyingi, lakini mkakati wa kuyafikisha kwa anayeyahitaji haujaja kwa nguvu ile ile iliyogawa vyandarua.

Mama kabla hajawa mama

Tuseme sasa tumeamua kuujaza upungufu huo wa damu. Tuanze lini? Hapa ndipo utafiti wa Korogwe na Handeni ulipofika mahali ambapo tafiti nyingi hazikufika.

Kati ya mwaka 2014 na 2016, NIMR na Chuo Kikuu cha Copenhagen waliendesha katika wilaya hizo mbili utafiti uliowaandikisha wanawake 1,415 kabla hawajashika mimba. Walipimwa damu, uzito na afya, kisha wakafuatiliwa. Aliyeshika mimba alipimwa kwa picha ya tumbo tangu wiki za mwanzo, ili umri wa mimba ujulikane kwa hakika, na mtoto akapimwa alipozaliwa. Kazi ya namna hii ni ngumu mno. Wanawake hupimwa wengi kuliko watakaobeba mimba, na inabidi waendelee kumwamini mtafiti miezi kwa miezi. Ndiyo maana karibu kila kitu tunachojua kuhusu damu ya wajawazito wa Afrika kinaanzia pale mama anapokuja kliniki mwenyewe.

Na anakuja lini? Mwaka 2015 na 2016, ni takriban robo tu ya wajawazito wa Tanzania walioanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengine husubiri, kwa sababu wanazozijua: aibu, umbali, hofu ya kutangaza mimba changa, au matakwa ya kliniki kwamba mume aje naye. Akifika katika mwezi wa tano na kukutwa damu ni ndogo, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Wakati huo kondo la nyuma limeshajijenga, na moyo, ubongo na figo za mtoto vimeshachorwa.

Utafiti wa Korogwe na Handeni ulikuta zaidi ya theluthi ya wanawake hao wana upungufu wa damu kabla ya mimba, na ukosefu wa madini ya chuma ukiwa miongoni mwa sababu kubwa. Kwa maneno mengine, mimba nyingi huanzia katika deni. Vidonge vya kliniki vinajaribu kulilipa wakati mkopo mpya tayari umeshachukuliwa, kwa sababu mtoto tumboni anadai damu yake, na kujifungua nako kutachukua nyingine.

Utafiti huo uliuliza swali refu zaidi: je, upungufu wa damu wa mama unamwandalia mtoto shinikizo la damu na kisukari atakapokuwa mtu mzima? Wazo hili lina mizizi. Watoto waliotungwa Uholanzi wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 walikuja kufuatiliwa utu uzima wao, wakakutwa na magonjwa ya moyo na sukari zaidi ya wenzao. Mwili uliojengwa kwa uhaba hujifunza kubana. Ukikutana baadaye na wingi wa mafuta, sukari na kukaa, unashindwa. Tanzania inaelekea kwenye wingi huo. Mwaka 2015 na 2016 wanawake 28 katika kila mia walikuwa na uzito uliozidi. Bibi aliyekulia kwenye njaa, binti mwenye upungufu wa damu na mjukuu atakayekuwa mnene mjini wanaweza kuwa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja una chanzo kwa mwenzake.

Kauli ya siku elfu moja, inayohesabu tangu mimba kutungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili, imetusaidia kuamsha watu. Lakini kwa ushahidi wa Korogwe na Handeni, kuanza hesabu siku ya mimba kunamwacha nje yule anayehitaji kufikiwa kwanza. Naye mara nyingi ni msichana. Mwaka 2022, katika kila wasichana mia wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Mwili wake bado unakua, unapoteza damu kila mwezi, na sasa unagawana madini hayo hayo na mtoto.

Damu ya mwanakijiji na haki yake

Hakuna takwimu hata moja kati ya hizi iliyopatikana bila mtu kutoa kidole kitobolewe. Watu wa pwani na bara yake wana kumbukumbu ndefu ya hofu ya mumiani, wale wanaosemwa kunyonya damu za watu, na si busara kuidharau. Mwanakijiji anapouliza damu inakwenda wapi anauliza swali la haki: nani atanufaika? Kwa miaka ya karibuni, Korogwe imepata kitu cha kuonyesha. Maabara ya utafiti imesimama kwenye eneo la hospitali ya wilaya ya Magunga, na wanasayansi Watanzania wa kituo hicho, akina John Lusingu na Daniel Minja, wanaongoza kazi zinazosomwa dunia nzima. Kutoka huko huko Korogwe ulipatikana mchoro wa uzito wa mimba uliotengenezwa kwa vipimo vya wajawazito wa Afrika Mashariki wenyewe, badala ya kumpima mtoto wa Kisambaa au Kizigua kwa rula ya Ulaya.

Hata hivyo, maarifa bado yanasafiri upande mmoja. Matokeo hukaa kwenye majarida ya Kiingereza, na mama wa Handeni ambaye mtoto wake alikuwa mmoja wa wale 612 ana haki ya kujua walichogundua, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji chake. Iringa walionyesha kwamba kipimo kinachobaki mikononi mwa kijiji kinaleta mabadiliko. Kipimo kinachoondoka na gari la mradi kinaleta makala.

Sera inapaswa kuanzia hapa

Vyombo vya kutekelezea hatuvikosi. Tuna mpango jumuishi wa taifa wa lishe tangu 2016. Tuna mkataba wa lishe, ambao wakuu wa mikoa waliusaini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan Dodoma mwaka 2022. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao ya ndani. Kila robo mwaka kijiji kinapaswa kuwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Na tangu 2011 kuna kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mafuta ya kupikia, ingawa unga unaoliwa Dindira na Handeni ni wa mahindi yaliyovunwa nyumbani na kusagwa kwenye mashine ya kijiji, ambako kirutubishi cha kiwandani hakifiki.

Tatizo ni kwamba vingi vya vyombo hivi vinamtazama zaidi mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Shilingi 1,000 inahesabiwa kwa kichwa cha mtoto. Msichana wa miaka 17 hana shilingi yake. Namna ya kurekebisha haihitaji teknolojia mpya. Msichana apimwe damu shuleni na kwenye Siku ya Afya na Lishe, na apewe madini ya chuma kwa wiki kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa wanawake wenye hedhi, akiwa na chandarua na akipimwa malaria anapopata homa. Asiyesoma afuatwe na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kwa kuwa wengi wa wanaobeba mimba za mapema hawako darasani. Bajeti ya halmashauri imhesabu.

Kwa mtoto aliyezaliwa, tafiti zinatuonya tusitafute ufunguo mmoja. Magharibi mwa Kenya, jaribio lililoandikisha wajawazito zaidi ya 8,000 lilikuta kwamba vyoo, sabuni na maji yaliyotiwa dawa, kwa kiwango kilichotolewa, havikuongeza urefu wa watoto; lishe iliongeza kidogo. Sumukuvu iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016 inatukumbusha kwamba hata mahindi yaliyojaa ghalani yanaweza kuwa hatari yakianikwa na kuhifadhiwa vibaya. Kila kimoja kinachangia kidogo, na vyote vinatakiwa kwa pamoja. Kwa hiyo ushauri kwa mama uwe wa vitu vyenye uzito na vinavyowezekana: kimea kwenye uji, dagaa waliosagwa, chai iwekwe mbali na saa ya chakula, mahindi yakauke kabla ya kuingia ghalani. Na mwajiri wa mashambani abebe mzigo wa kituo cha kulelea watoto.

Wilaya za Korogwe na Handeni zimeshatoa damu, muda na imani yao ili tujue haya. Malaria imerudi nyuma vya kutosha kutupa nafasi ambayo kizazi kilichopita hakikuwa nayo, ya kuujaza upungufu wa damu bila kuhatarisha maisha ya mtoto. Nafasi hiyo haitabaki wazi daima, kwa maana mbu hujifunza kustahimili dawa na fedha za wafadhili hukatika. Halmashauri zinapokaa kupanga bajeti ijayo ya lishe, mstari wa kwanza uandikwe kwa jina la msichana ambaye bado hajabeba mimba.